Kura Zilizomliza Mama Pazia

Ndugu waombolezaji, nitasoma mbiombio, mnisamehe, mwanangu mchanga amelala mapajani mwa shangazi na akiamka sitamaliza, wala sauti yangu mwenyewe siiamini.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa pili kati ya watano, akaanza darasa la kwanza mwaka 1977, akamaliza kidato cha nne mwaka 1987, na mwaka 1989 akaajiriwa kukata tiketi kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza, hadi 1993 alipopewa kiti nyuma ya pazia awe mkumbushaji, mwigizaji akisahau maneno yeye anamnong'oneza, watazamaji wasisikie, ndipo mkamwita Mama Pazia. Tarehe 3 Juni 1995 alifunga ndoa na fundi taa wa ukumbi huohuo, baba yetu huyu hapa, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu na mimi.

Tarehe 9 Desemba 2023 watazamaji walipiga kura za tuzo yao ya mwaka, kila mtu aliandika jina nyuma ya kipande cha tiketi akakitumbukiza sandukuni, na vipande mia mbili na kumi na vinne viliandikwa "yule mama wa nyuma ya pazia", wasimamizi wakasema hayumo kwenye orodha, kura zimeharibika, sisi nyumbani tukashangilia hivyohivyo, baba akamtania, "Mke wangu, umewafunga waigizaji goli ukiwa umekaa," lakini Mama alinivuta jikoni akalia, akasema, "Mwanangu, mkumbushaji akipigiwa kura ujue amesikika, mnong'ono umenikatalia, nina uvimbe kooni, usimwambie mtu mpaka msimu uishe." Nikanyamaza, nilikuwa na mimba changa, naogopa kila kitu, msimu ukaisha Aprili, daktari akasema tumechelewa. Baba, kaka, mzigo huo nimeubeba peke yangu, leo nautua mbele yenu.

Alilazwa tarehe 2 Mei 2024, akafariki tarehe 22 Agosti, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, majirani mliotupikia na kutufulia, na wenzake wa ukumbini mliotuletea vile vipande vya tiketi, tumevifunga kwenye leso, viko mkononi mwake.

Pumzika sasa kwa amani, Mama, ulichomnong'oneza mjukuu wako siku ile ya mwisho nilikisikia, kwa kuwa niliinama, sauti ilikuwa imerudi kuwa ndogo kama zamani, yeye nitampa akikua, mwingine simwambii.