Mzee wa Swali la Nne

Benchi la Habibu muuza kahawa liko mtaa wa Area D, pale bajaji zinapogeuzia, na kwa kawaida hukaliwa na watu wazima wenye shida zao: bei ya alizeti, timu zilizofungwa, mvua iliyogoma. Alhamisi ile lilitekwa. Wanafunzi wanne wa kidato cha nne, waliotoka kufanya mtihani wa moko wa Kiswahili asubuhi hiyo, walijipanga na sare zao wakaagiza kahawa, na wazee wakahamia kwa fundi viatu kunusuru masikio yao. Jordan, ambaye shule nzima inamwita Mheshimiwa kwa kupenda kwake hotuba, alikuwa amesimama. Denis, yaani Jaji, aliyejipa mwenyewe kazi ya kukata kila shauri, alikuwa amekunja nne. Ayesha, ambaye wazazi wake wana duka la vitambaa mjini, alitafuna kashata kama anayelipa kisasi. Na mwisho wa benchi alikaa Emiliana, anayeitwa Madamu kwa sababu hajatokea wa kumpita kwenye Kiswahili, akimsubiri baba yake anayekuja kutoka Chemba kumchukua kwa likizo. Huyo ndiye aliyekuwa na hasira kuliko wote, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu ya nafsi yake.

— Swali la nne, alisema Mheshimiwa. Mengine baadaye. Yaani nikimpata aliyeitunga ile habari!

Habari yenyewe ya ufahamu ilikuwa fupi. Mzee mmoja wa huku kwetu, mfugaji, aliona ukame unakuja. Hakuuza ng'ombe. Aliwagawa kwa marafiki zake wa vijiji vya mbali wamtunzie, akabaki na wachache bomani. Mwandishi akamalizia kwa kusema kwamba mfugaji asiye na elimu ni mzigo kwa taifa. Kisha swali: kwa nini mzee aliwagawa ng'ombe wake? A, ili wasife wote kwa mpigo. B, ili asifiwe. C, kwa sababu ya ujinga na kukosa elimu. D, kwa uvivu wa kuchunga.

— Jibu ni C, alisema Jaji. Kesi imefungwa.

— Imefungwa na nani? Mheshimiwa alimgeukia. Babu yangu kule Kolo ana ng'ombe kwa watu watatu tofauti. Mjinga?

— Babu yako hakutoka kwenye mtihani. Mwalimu alisema nini? Kwenye ufahamu, jibu linatoka kwenye habari, halitoki kichwani kwako. Mstari wa mwisho umesema hana elimu. Unataka nini tena?

— Nataka aliyeandika huo mstari aje hapa anywe kahawa na mimi!

— Mimi niliweka C, alidakia Ayesha, na nimekasirika vilevile. Baba hawezi kuweka mali yote kwenye stoo moja. Ikiungua je? Anaweka huku kidogo, kwa mjomba kidogo. Akifanya baba, watu wanasema anajua biashara. Akifanya yule mzee, mjinga!

— Sasa mbona uliweka C?

— Kwa sababu nataka alama, Mheshimiwa! Kwani pale nilienda kutetea haki?

Emiliana alimeza kahawa bila kusikia uchungu wake. Asubuhi kalamu yake ilisimama juu ya A muda mrefu. Alijua kabisa, jinsi anavyojua njia ya kisimani kwao, kwamba A ndiyo kweli. Halafu akamkumbuka mwalimu na kanuni yake, akaikumbuka na nafasi yake ya kwanza, akateremsha kalamu mpaka C na kuizungushia duara. Duara zuri, la mtu mwenye mwandiko safi.

— Mnajua nani katunga? alisema Jaji. Mtu wa mjini. Ng'ombe anamjua akiwa mishkaki.

— Hapana, hiyo ni mipango! Mheshimiwa alipandisha sauti hadi dereva wa bajaji akageuka. Wanataka sisi tuwaonee aibu wazee wetu. Tukishaona aibu, tutawaambia wauze. Wakiuza, malisho yanabaki wazi. Yakibaki wazi, yanapimwa viwanja!

— Hakuna aliyetunga, alisema Ayesha. Mtu alilala, kompyuta ikaandika.

— Kompyuta ya nani? Ya mwenye kiwanda cha maziwa ya kopo! Ng'ombe wakiisha, wote tunanunua kwake. Mtaona! Hata huyu Habibu ataanza kutuuzia maziwa ya kopo!

— Mimi nauza kahawa, alisema Habibu. Na mnaimaliza.

Hapo Jaji akacheka. Alicheka kidogo tu, lakini kicheko kile kilimchoma Emiliana mahali pabaya, akakiweka kikombe chini kwa kishindo.

— Aliyeandika ile habari hajawahi kulala njaa hata siku moja!

Wote wakamgeukia. Madamu si mtu wa kupiga kelele.

— Nilikuwa darasa la tatu, alisema. Ng'ombe wa bomani walianguka mmoja baada ya mwingine. Mama na baba wanawashika mikia alfajiri wawainue, hawainuki. Wakaisha wote. Waliobaki ni wale waliokuwa kwa mzee Lameck, upande wa Bahi, na walirudi na ndama. Maziwa niliyokunywa, hii sare, hii shule, vyote vimetoka kwenye wale ng'ombe. Halafu mtu anakaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, anamwita baba yangu mjinga!

— Madamu umemaliza! Mheshimiwa alipiga makofi. Jaji, umesikia? Huyu aliweka A bila kupepesa macho. Si uliweka A, Madamu?

— Sasa hilo nalo la kuuliza?

Alijisikia akisema hivyo, na akajichukia. Jaji alikuwa na roho ngumu, lakini angalau aliitaja C yake mbele za watu.

Baba yake alitokea wakati huo huo kwenye kona, koti begani, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Mzee Nathanaeli alikuwa na haya ya watu wa mbali wanapofika mjini, lakini alipomwona binti yake uso wote ulifunguka.

— Mbukwenyi, alisalimia kwa Kigogo.

— Shikamoo, mzee, waliitikia kwa pamoja, nao wakasogea akae.

— Marahaba. Mbona kelele zenu nimezisikia tangu barabarani? Kuna nini?

Emiliana alifungua mdomo aseme wameshachelewa gari, lakini nani wa kumzuia Mheshimiwa? Alimsimulia mzee habari yote tangu mwanzo: ukame, ng'ombe, marafiki wa vijiji vya mbali. Mstari wa mwisho aliuruka kwa heshima. Mzee alisikiliza akiitikia kwa kichwa, kama anayepewa habari za jirani.

— Alifanya vizuri huyo, alisema. Ila marafiki wawe wa kweli. Sasa ninyi wakawauliza nini?

— Kwa nini aliwagawa.

— Hilo tu? Mzee alicheka. Nikajua mtihani ni jambo gumu! Akamgeukia binti yake. Na wewe, mama, ulijibuje?

Mheshimiwa alikuwa tayari kumjibia. Emiliana alimwahi. Hajawahi kumdanganya baba yake huyu, na hakuona aanzie wapi leo.

— C, baba.

Mheshimiwa akakaa chini taratibu. Ayesha aliacha kutafuna. Mzee Nathanaeli hakuona lolote baya, maana binti yake ndiye wa kwanza siku zote, na akilichagua jibu, basi ndilo. Alimpigapiga begani.

— Vizuri sana. Na hiyo C inasemaje?

Emiliana alimtazama Jaji, na Jaji akaangalia viatu vyake. Habibu alijifanya anachochea mkaa. Mzee aliendelea kumtazama binti yake, anatabasamu, anasubiri.