Mchicha wa Ghorofa ya Nne

Akina mama wenzangu, mwenyekiti, mtaniwia radhi nikiongea nimekaa. Mguu huu ukisimama sana unaanza kudai haki yake. Mmeniomba nieleze yaliyonikuta, na nitayaeleza yote, hata yale ambayo mdogo wangu aliyekaa pale nyuma asingependa niyataje.

Wengi mnanijua Kariakoo. Nilikuwa nauza mitandio na madera, meza yangu ipo kona, sauti yangu inasikika mtaa wa pili. Siku moja mchana mkokoteni uliosheheni marobota ya mitumba ulimshinda msukumaji, ukanibana ukutani. Paja likavunjika. Nikawekwa vyuma, nikarudishwa nyumbani kwangu, chumba na sebule, ghorofa ya nne, jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani, watoto wanaiita kabati.

Walionibeba kunipandisha walikuwa wanne. Walipoondoka nikaambiwa nitulie hadi nipone.

Ndugu zangu, nilitulia miezi saba.

Daktari alisema baada ya miezi mitatu nianze kutembea na magongo. Mimi nilizitazama zile ngazi mara moja tu, nikaona zinanitazama na zenyewe. Nikarudi ndani. Kila asubuhi nasikia Kariakoo inaamka chini yangu, honi, spika za matangazo, wapagazi wanapiga mluzi watu wapishe, nami niko juu kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Jela angalau unajua siku ya kutoka.

Mdogo wangu alihama kwake Magomeni aje kunitunza. Asubuhi ananiogesha, ananipikia, halafu anashuka kusimamia meza yangu. Siku moja akaniletea yale magongo kitandani. "Dada, leo tujaribu ngazi tatu tu." Nikayatupa. Nikamwambia, "Wewe una haraka gani? Si meza umeshaichukua?" Aliyaokota, akayaegemeza ukutani, akaenda kuosha vyombo. Nawaambia, ile sauti ya vyombo siku ile bado naisikia.

Sasa, mbele ya balkoni yangu kuna kichochoro, na ng'ambo yake kuna jengo la zamani la ghorofa tatu. Pale juu alikuwa anaishi mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, peke yake, mtoto wake anasafiri na biashara. Balkoni yake ndogo kama kitanda, lakini imejaa kijani: ndoo za rangi, makopo, viroba. Mimi nilikuwa namtazama tu. Siku moja akapaza sauti, "Wewe binti! Kila siku unakaa hapo, unalinda nini?"

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Silindi kitu. Siwezi kushuka."

"Marahaba. Basi panda."

Akanirushia kitambaa kilichofungwa fundo. Cha kwanza kikaanguka kichochoroni. Cha pili kikatua miguuni kwangu. Ndani mlikuwa na mbegu za mchicha, na za uwatu, ambao majani yake anakandia chapati.

Mdogo wangu alinitafutia udongo na ndoo mbili bila kuniuliza kitu. Tukatoboa matundu chini. Maganda ya viazi na majani ya chai yakawa mbolea. Siku ya nne mbegu zikachomoza, na mimi, mtu mzima na miaka yangu, nikakaa sakafuni kuzitazama mpaka chai ikapoa.

Mchicha ulipofika kimo cha kiganja, wadudu weusi wakauvamia. Nikachukua dawa ya mende, nikapuliza. Ng'ambo nikasikia, "Acha! Utakula sumu?"

"Sasa nifanyeje?"

"Ng'oa wote. Na udongo utupe. Anza upya. Wakija tena, ponda kitunguu saumu na pilipili, chuja, nyunyiza hayo maji."

Niling'oa nikilia. Nikafunga mlango wa balkoni wiki nzima. Nilijiona hata ndoo mbili siziwezi. Wiki iliyofuata nikapanda tena, kwa sababu kusema kweli sikuwa na pengine pa kwenda.

Mchicha wa pili tuliula. Kuanzia hapo kila asubuhi tunamwagilia pamoja, yeye kwake, mimi kwangu, tunapiga soga juu ya vichwa vya watu.

Asubuhi moja hakutokea. Nikamwita, kimya. Hadi saa nne majani yake yalikuwa yamelala, na yule mama hakuwa mtu wa kuacha majani yalale. Nikampigia mdogo wangu simu, kelele za soko zimeimeza. Nikawapigia kelele watu wa chini, hakuna aliyeinua kichwa.

Nikafunga magongo mgongoni kwa kanga. Nikakaa kwenye ngazi ya kwanza.

Nilishuka kwa makalio, ghorofa zote nne, ngazi baada ya ngazi, nimelowa jasho. Chini mpagazi mmoja akaniuliza, "Mama, unaenda wapi hivyo?" Nikamwambia. Akamwita mwenzake, wakanivusha, wakanipandisha kule, wakausukuma mlango. Yule mama alikuwa sakafuni jikoni. Alikuwa ameteleza tangu jana yake jioni, kiuno kimekataa kuinuka. Akafumbua macho, akanitazama.

"Umeshukaje?"

"Kwa makalio, mama."

Akacheka huku analia. Wale vijana walimbeba hadi hospitali, na alipona.

Mimi sikurudi juu. Nilijikokota hadi kwenye meza yangu. Mdogo wangu aliponiona, mkononi alikuwa na mtandio wa mteja, ukamponyoka. Nikamwambia, "Nisamehe. Nilikusema vibaya." Alinisogezea kigoda, tukauza pamoja hadi jioni.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wale wapagazi wawili, namshukuru mama wa ng'ambo. Na wewe mdogo wangu, usiiname, simama wakuone.

Ninalojua ni hili: aliyefungiwa ndani apewe kitu cha kutunza, kisha apewe mtu wa kumtazama. Na jirani akinyamaza, nendeni mkamwone.

Nimeleta miche kwenye makopo, kila mmoja achukue wake. Asiye na balkoni aweke dirishani. Na mkimjua mtu asiyeweza kushuka, nipeni jina la jengo lake. Nitapanda polepole, lakini nitafika.