Nasor bin Khalaf, Fidla Yake na Piano ya Kazija

Wasifu uliosomwa upande wa akina mama, siku ya tatu ya matanga, nyumbani kwa marehemu, Ibra, Jumanne tarehe 11 Novemba 2008. Msomaji: Azza binti Ishak, shemeji yake.

Wapo walionong'ona tangu jana: matangani husomwa Kurani, haya ya kusoma maisha ya mtu yametoka wapi? Yametoka Bujumbura. Ndivyo walivyozoea watu wa huko alikozaliwa marehemu, na mwenyewe aliomba asomewe. Khitma imeshasomwa, alhamdulillahi. Basi tulieni, kahawa haikimbii.

Marehemu Nasor bin Khalaf alizaliwa tarehe 11 Machi 1946, mtaa wa Buyenzi, mji wa Usumbura, ambao baadaye ndio ukaitwa Bujumbura. Babake alikuwa mtu wa hapa hapa Ibra aliyekwenda bara kutafuta riziki, na mamake, Bi Rahila, alikuwa mzaliwa wa Ujiji. Mzee Khalaf alikuwa na duka la baiskeli, na pembeni akiuza sahani za santuri zilizotoka Kuba na Amerika kwa kupitia Kongo. Nasor aliwekwa dukani kuuza mipira ya baiskeli. Mteja akija na gurudumu lake mkononi, atasimama weee, kijana kainamia santuri, hasikii wala haoni. Babake akisema, "Huyu siku moja wataniibia duka zima, naye atawapigia wimbo wa kuwasindikiza."

Alisoma chuo cha Kurani Buyenzi akahitimu akiwa na miaka kumi, kisha shule ya serikali, kisha shule ya ufundi, akatoka mwaka 1965 fundi umeme kamili. Fidla alifundishwa na Mgiriki mmoja mwenye tanuri la mikate, baada ya kazi, unga ukiwa bado mikononi. Fidla ile ndiyo aliyokuja nayo Oman mwaka 1975, baada ya nchi ile kuingia damu na duka la babake kufungwa. Wenzake walishuka na masanduku ya nguo. Yeye alishuka na fidla na koti moja, tena koti la baridi, Masikati, mwezi wa Juni!

Mwaka 1976 aliajiriwa fundi wa umeme hapa Ibra, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipostaafu mwaka 2003. Wengi wenu taa ya kwanza nyumbani kwenu aliiwasha yeye. Alitumwa Sur, akatumwa Tiwi, akatumwa Nizwa, na kila alikokwenda aliacha jina zuri, maana alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Kitu akikifunga Nasor, hakifunguki. Akikizima, kimezimika.

Ndoa yake ilianzia juu ya ngazi. Mwaka 1977 alikuja nyumbani kwa Mzee Ishak, Nizwa, kutia nyaya za sebuleni. Kazija, binti mkubwa wa nyumba, alikuwa amekaa mezani. Kazija alisomeshwa piano na masista Mjini Unguja, na tangu kuhamia Oman hajaona piano kwa macho. Basi alikuwa na mazoea ya kupiga ukingo wa meza kwa vidole, wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho, bila ya sauti yoyote. Sisi nyumbani tulikwishachoka naye. Nasor kule juu akasita, akatazama vidole, akasema, "Bibi, hapo mkono wa kushoto umechelewa. Wimbo wa kuzunguka huo, wa hatua tatu tatu."

Kazija akashtuka. "Khe! Mwanamume gani huyu, kaitwa kutazama nyaya anatazama vidole vya watu?"

"Nyaya hazina wimbo," akajibu Nasor.

Mzee Ishak akamteremsha kwenye ngazi kwa ukali. Lakini Kazija alikuwa ameshakwisha: maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsikia akipiga meza, na huyu kamsikia bila ya sauti. Walifunga ndoa Nizwa tarehe 20 Aprili 1978. Mungu aliwajaalia watoto wawili, Ghassan mwaka 1980 na Rawya mwaka 1984.

Piano waliipata mwaka 1994, kwa mwalimu wa kigeni aliyekuwa akihama Nizwa kurudi kwao. Ililetwa Ibra kwa gari la mbuzi, imefungwa mablanketi kama bi harusi. Ukavu wa hapa ulikuwa ukiipasua mbao, basi Nasor akaiwekea sufuria la maji ndani, chini, na kila asubuhi Kazija akilijaza. "Piano hii inakunywa kuliko ng'ombe," akisema, na hakuna siku aliyosahau.

Hapo ndipo ilipoingia azma ya maisha yao. Nasor alitaka kutengeneza albamu moja, fidla na piano tu, ya muziki wa Amerika yote, kusini na kaskazini: dansi za Kuba, tango za Ajentina, nyimbo za kuzunguka za Venezuela, na zile nyimbo za makanisani za watu weusi wa Amerika, ambazo wazee wao walivushwa bahari kwa minyororo. Mtu akimuuliza wewe Mwarabu wa Ibra yanakuhusu nini ya Kuba, akijibu, "Ngoma zilichukuliwa kwetu zimefungwa. Zikarudi dukani kwa babangu ndani ya bahasha ya karatasi. Mimi ndiye niliyezifungua." Albamu aliipa jina Ngoma Zilizorejea. Miaka mitatu walifanya mazoezi, yeye akitoka kazini, Kazija akitoka jikoni, na wakigombana hasa. "Usikimbie, Baba Ghassan, hakuna anayekufukuza!" Sauti hiyo majirani wote wanaijua.

Walirekodi sebuleni humu humu, Februari na Machi 1998, kabla ya joto. Mashine ilikuwa ya Sleyum, rafiki yake mwenye duka la kanda kule Sur. Sleyum akilalamika kwamba friji inanguruma, Nasor akaenda kuzima umeme wa nyumba nzima, na wakati wa kuuwasha tena ukapita, maana walikuwa wamepata ile tango iliyowashinda miezi. Nguru wote wa frijini wakaoza. Kazija, ambaye kwa samaki hana mzaha, alicheka mpaka akakaa chini. Adhana ikiadhiniwa walinyamaza, wakaenda kusali, wakarudi. Walipomaliza, Nasor alisikiliza kanda yote amefumba macho, kisha akasema, "Sasa hata nikifa, nimesema."

Hapa ningependa kusema kwamba albamu ilipendwa. Haikupendwa. Sleyum aliitolea nakala akazipanga dukani, na wateja wa Sur wakarudi nazo: mbona haina mwimbaji, kanda imeharibika? Nakala zikakaa juu ya rafu zikila vumbi. Mwaka 2002 Kazija alishikwa na baridi yabisi, vidole vikaanza kupinda, na piano ikafungwa kifuniko. Juni 2007 ikapiga tufani ya Gonu, bahari ikaingia dukani kwa Sleyum, na kanda zote zikageuka tope. Nasor akawauliza marafiki aliowahi kuwapa nakala. Mmoja hakumbuki alikoiweka. Mwingine alirekodi harusi ya binti yake juu yake. Ikabaki kanda moja tu duniani, ile ya asili, kabatini humu, chini ya mabuibui ya Kazija. Kupiga tena hawawezi, mikono haipo.

Nasor mwenyewe alikuwa mgonjwa tayari. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2006, na kuanzia mwaka uliofuata akawa anasafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki. Hakulalamika. Alisema tu kwamba ile mashine ya damu inakwenda hatua mbili mbili, na kwamba angeitunga yeye angeipa nyingine ya tatu.

Ghassan, anayefanya kazi Sur, alikuwa akija kila Alhamisi kumuona babake. Ni mtoto mwema, mwenye dini, na aliyoyafanya aliyafanya kwa mapenzi. Mwezi wa Shaaban mwaka huu alikaa miguuni kwa babake akalia. "Baba, wallahi mimi silali. Wewe ukitangulia, ile kanda inabaki. Kila mtu akiisikiliza, wewe unaandikiwa dhambi huko kaburini. Mimi nitakuombea vipi, na kanda inapiga?" Nasor alimpangusa machozi kwa kilemba chake. Alimwambia alale, mambo yatatengenea.

Ijumaa iliyofuata Kazija alikuwa Nizwa, kwa Rawya, aliyekuwa amejifungua. Nasor alirudi msikitini, akaitoa kanda kabatini, akaifuta, upande wa kwanza na wa pili. Kisha akairudisha pale pale ilipokuwa.

Hilo Kazija hakulijua. Mwezi wa Oktoba, marehemu alipolazwa na hali ikawa nzito, Kazija aliibeba kanda ile na redio ndogo mpaka hospitali. Alitaka amsikilizishe, apate kusahau maumivu. Akabonyeza. Kimya. Akasema, "Bado haijaanza," akangoja. Akaongeza sauti, akangoja tena.

"Usingoje, Mama Ghassan," akasema Nasor. "Nimeifuta."

"Umeifuta?"

"Mtoto halali usingizi."

"Na mimi je?"

Nasor aligeuza uso kwenye ile mashine ya damu. "Nilijua utanikataza."

"Ningekukataza, ndiyo! Kwa nini nisikukataze?"

"Ndiyo maana."

Kazija alikaa na redio mapajani. Tangu azaliwe Ghassan alikuwa akimwita Baba Ghassan, na jina lake alilitaja siku hiyo kwa mara ya kwanza. "Nasor, mle ndani mlikuwa na mikono yangu. Hii hapa siwezi hata kufunga kifungo nayo. Ile mizima ilikuwa mle. Umekwenda na yako, sawa, ni yako. Yangu ulimuuliza nani?"

Kazija aliendelea kumhudumia kama kawaida, akimlisha uji, akimwosha miguu, akimgeuza. Siku chache baadaye marehemu alimwomba, "Niwie radhi." Kazija akajibu, "Nimekuwia radhi." Mwenyewe amesema iandikwe kwamba alitamka kwa ulimi, akidhani moyo utafuata nyuma yake kwa siku mbili tatu, kama unavyofuata siku zote watu wakigombana. Siku hizo hakuzipata. Marehemu alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2008, alfajiri, Kazija akiwa kaenda kutia udhu. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri, makaburi ya Ibra.

Usiku wa maziko Ghassan alimfuata mamake chumbani. "Mama, ile kanda iko wapi? Nataka kumsikia kidogo tu. Sauti ya fidla yake nimeanza kuisahau." Mamake akampa. Waliisikiliza upande wa kwanza wote, wakageuza, wakasikiliza wa pili. Ghassan alikuwa ameegemeza sikio kwenye redio, akitumaini pengine mwishoni pamebaki kipande, hata kukohoa kwake, hata Sleyum akisema tayari. Hakikubaki kitu. Babake alikuwa fundi, na hiyo nayo ilikuwa kazi, akaimaliza. Kanda ikafika mwisho ikajizima, wao bado wamekaa. Ghassan akasema, "Mama, nimefanya nini?" Wasifu huu Ghassan ameusoma kabla yenu, na hakutaka lifutwe hata neno moja.

Marehemu ameacha mjane mmoja, Kazija binti Ishak. Watoto wawili, Ghassan na Rawya. Mjukuu mmoja, Aya, aliyemuona mara moja tu. Na rafiki yake Sleyum wa Sur, ambaye hajaweza kuja kwa sababu ya miguu. Ameacha fidla ambayo hakuna wa kuipiga, na piano ambayo mbao zake zimeshapasuka, maana tangu Oktoba hakuna aliyelijaza maji lile sufuria.

Jana mmeniuliza mbona Kazija hasemi na mtu, na mbona anaparazaparaza ukingo wa sinia la kahawa kwa vile vidole vyake vilivyopinda. Mkadhani ni homa, mmoja akataka kumshika mkono autulize. Muacheni. Anapiga wimbo. Sisi dada zake hatuujui ni upi, hatukuwahi kuujua hata ule wa mezani Nizwa. Aliyekuwa akitazama vidole hivyo akasikia tulimzika juzi.

Mola amghufirie Nasor bin Khalaf, ampumzishe kwa amani. Na huyu aliyebaki, Mola ampe radhi aliyoitamka, iteremke moyoni, kama bado inaweza kumfika marehemu.