Vidonge vya Tabita Vilivyoliwa na Kijiji

Boazi, mwenyekiti wetu, shusha hiyo mikono. Makofi baadaye. Na nyie wengine mliopiga mashati pasi, kaeni msikilize. Mwalimu mkuu ameniomba niandike habari za Tabita, na habari za mtu nusu nusu mimi siandiki. Darasa la pili nililoishia linatosha kwa hili.

Tabita Lusungu amewapikia uji watoto wa shule hii kwa miaka ishirini na moja, tangu 1963, na leo, tarehe 29 Juni 1984, anastaafu. Nimekoroga naye sufuria moja karibu miaka hiyo yote. Uji wake haukuwahi kuungua. Mwaka ule wa njaa alichanganya unga wa mahindi na wa muhogo, watoto wakalamba mpaka mwiko. Wengine wenu mliovaa tai hapo mbele mlikuwemo.

Jiko letu halina dirisha. Moshi wa kuni mbichi unatokea mlango uleule tunaoingilia sisi. Kifua cha Tabita kikaanza kupiga filimbi. Mkanong'ona kifua kikuu, mkamtengea kikombe chake. Kefa, mganga wa zahanati, akampima, akasema si kifua kikuu, ni moshi: mirija ya hewa imebana. Akampa vidonge vya kuipanua, ameze kila siku, anaumwa au haumwi.

Hapo ndipo mlipoharibu. Kifua kikitulia, mnasema amepona, dawa ya nini tena? Kila mwenye mafua akaja kusimama mlango wa jiko. "Tabita, trekta letu sote, shamba letu sote, wewe unaficha vidonge?" Maneno hayo ni ya Boazi. Tabita hajui kukatalia mtu. Akagawa, yeye akabaki na filimbi yake. Ujamaa gani huo, wa kugawana pumzi ya mtu mmoja?

Boazi mwenyewe alimeza vitatu siku ya Saba Saba, ati apate sauti ya hotuba. Akapanda jukwaani mikono inatetemeka, moyo unadunda, akatangaza kwamba amelogwa! Tabita alicheka mpaka hewa ikamwishia, tukamkalisha chini tukampepea kwa kanga. Watu waliendelea kucheka. Nikikumbuka alivyokuwa akiitafuta ile hewa, naona haya.

Mwaka jana Kefa alinieleza kwamba kuta za mirija ile sasa ni nene, kama ukuta wa jiko ulioshika masizi. Dawa inalegeza, haikwangui. Nikamwuliza, angemeza bila kukatiza, je? Akasema hawezi kuapa. Pengine unene ungekuwepo vilevile, ila asingehangaika hivyo kila akipanda na ndoo kutoka mtoni. Basi hatutajua kamwe. Hiyo ndiyo aibu ya kijiji hiki, na nyumba yangu imo.

Tabita, mdogo wangu, asante kwa uji. Kaa barazani kwako upumue taratibu, moto wa watu usikuhusu tena. Tunakuombea pumzi ndefu.

Nyie wengine, vidonge vya Tabita ni vya Tabita. Mwenye kikohozi, zahanati anaijua. Jumatatu Ketrina, mpishi mpya, anashika mwiko, na kifua chake bado kizima. Haya, pigeni makofi sasa. Na kesho asubuhi, Boazi, uje wewe mwenyewe, usitume mtu, uje na nyundo na tindo utoboe dirisha jikoni.