Futafuta na Kitabu Chake cha Tatu

Zamani mwandishi aliweza kufa kabla kitabu chake hakijatoka. Siku hizi kitabu kinatoka kabla mwandishi mwenyewe hajakisoma. Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Futafuta, alikuwa mtu wa zamani.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1947, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi reli na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Alisoma hadi darasa la nane. Ada ilipokosekana, yeye na mimi kaka yake tulijisomea katika maktaba ya wafanyakazi wa reli. Leo pale panauzwa makava ya simu.

Mwaka 1966 aliajiriwa na kiwanda cha uchapaji kama msahihishaji, akadumu hadi alipostaafu mwaka 2002. Wapanga herufi ndio waliompa jina la Futafuta, kwa jinsi alivyofyeka riwaya za watu. "Mrembo, mrembo, tumesikia," alikuwa akisema. "Anafanya nini?" Waandishi walinuna, kisha wakarudi na miswada mipya. Siku hizi ukimgusia mtu sentensi moja, anasema unamwonea wivu.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972 na fundi saa, mtu mpole aliyesomewa kila sura ya riwaya za mkewe baada ya chakula. Jioni moja alimkatiza: "Mke wangu, huyu bwana si ulimwua juzi? Mbona leo anakunywa chai?"

"Nimemfufua. Alikufa bila sababu."

"Basi siku yangu ikifika, nitafutie sababu mapema."

Fundi alimtangulia mwaka 2009.

Marehemu alichapisha riwaya mbili, 1979 na 1994. Ya tatu ilituchosha sote. Ilibaki sehemu moja tu, mama anapomuaga mwanawe anayekwenda mbali kikazi: nusu ukurasa wa maneno matamu, ya kumliza jiwe. Nilimsihi ayaache yalivyo. Akayaandika upya, na upya tena. Binti yake alimnunulia kompyuta: "Mama, humu ukifuta hakuna atakayejua." Akajibu, "Ndiyo maana siitaki. Mimi nataka kuyaona niliyoyakataa."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 11 Juni 2023. Ameacha binti mmoja, wajukuu watatu, na mimi. Apumzike sasa, kazi ameifanya.

Mara ya mwisho nilimwona siku mbili kabla, ameketi kitandani, karatasi mapajani.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "mpe mchapishaji. Kitabu kimeiva."

"Hakijaiva. Yule mama anahutubia. Mtu anayemuaga mwanawe hahutubii."

"Anasema nini basi?"

"Anamwuliza kama amechukua sweta."

"Sweta! Nusu ukurasa ule ndio kitabu chenyewe!"

"Ni wewe unayeupenda, kaka. Shika kalamu, mkono wangu hauna nguvu."

Nilifuta kwa hasira, mstari baada ya mstari, nikaandika habari ya sweta. Akataka nimsomee. Nilipofika kwenye sweta, sauti ilinikwama.

"Haya," akasema. "Sasa mpelekee mchapishaji."

Nikatoka na karatasi kwapani, bado nimenuna.