Swali Lisilongoja Jibu

Jumatatu, tarehe 14 Agosti 2023, mke wangu Kabura alikufa hapa mtaani kwetu Tuwan tukingoja ambulansi tuliyoahidiwa na wakubwa wa kaunti. Nimewauliza mara tatu ilikuwa wapi. Wamenyamaza.

Leo, ndani ya Probox ya abiria ya kwenda Bungoma, msichana wa shule alikuwa akimfafanulia mama muuza nyanya somo lake. “Swali la balagha, mama, ni lile unauliza bila kungoja jibu.” “Ati bila jibu? Si heri unyamaze, bana! Mimi nikimuuliza mzee wangu alilala wapi, atasema!” “Hilo si balagha, mama. Hiyo ni kesi.”

Nilicheka, nikageukia dirishani, alikopenda kukaa Kabura, nimwambie.

Gari liliposimama Bungoma nikamuuliza yule msichana: na kama aliyeuliza bado anangoja, hilo swali mnaliitaje?