Toleo la Mwisho la Jarida la Injini

Mama mmoja aliketi nyuma ya mumewe kwenye basi, akaomba Mungu jirani wa mumewe asiwe msemaji. Kumbe jirani huyo alikuwa muuza vipuri, na macho yake yalishatua kwenye jarida la injini za zamani aliloshika mume huyo mzee.

“Mzee, bado mnanunua haya? Siku hizi kila kitu kiko kwenye simu.”

“Hili ndilo la mwisho, mwanangu. Wamefunga, wasomaji tumekwisha,” mzee akajibu, akilipapasa jalada. “Lakini nalishukuru sana. Humu ndimo nilimoona tangazo la injini ya pampu, kuukuu hasa. Nikainunua, ikagoma kuwaka. Binti wa mwenye injini akaniambia nirudi Jumamosi anielekeze kuiwasha. Nikarudi kila Jumamosi, mwaka mzima.”

“Simu ingekuonyesha siku hiyo hiyo!”

“Ndiyo ubaya wake. Mke ningempata wapi?”

Muuza vipuri alicheka, ila hakukubali: video moja tu ingetosha. Mzee naye akashikilia lake.

Mama aligeukia dirishani, akibana kicheko. Marehemu baba yake alimfundisha kuiwasha injini ile tangu yuko shule ya msingi, na maelezo yake yote huisha kabla maji ya chai hayajachemka. Kuyagawa kidogo kidogo, kila Jumamosi, aliamua mwenyewe.

Basi likasimama. “Baba, tumefika,” akasema, akimgusa mumewe begani. Muuza vipuri akageuka, mdomo wazi. Mama akalichukua jarida, akalifuta vumbi kwa kiganja, akalitia mkobani taratibu, kama cheti cha ndoa.